Barua kwa Mangi: kahawa imekufa au imezorota?

Kibosho, Moshi

Mangi,

Za siku nyingi? Huku wote wazima. Mama yako nilimwona kanisani, ana nguvu zake, ila analalamika hupigi simu. Hilo mtamalizana wenyewe.

Nina shida ya Kiswahili, na mwalimu ninayemjua ni wewe. Kwenye kikao cha ukoo nimebebeshwa ukatibu (Mama Neema aliukwepa, unamjua). Aloyce akatoa hoja kahawa yote ya kihamba, shamba letu la ukoo, ing'olewe, tupande parachichi. Nikaandika alivyosema: "Kahawa imekufa." Niliposoma kwa sauti, Babu Shirima akagonga fimbo. "Futa! Kilichokufa tunakizika na kupanda mmea wa isale juu yake. Andika imezorota."

Basi kikao kikaishia hapo. Parachichi hazikujadiliwa tena, watu wakagombania neno. Aloyce anauliza tofauti iko wapi, mbona redio inakufa, fundi anaigusa, inaimba? Hapo ana hoja, kwa vyombo kufa si mwisho. Ambrose, na mbege yake kichwani, akapendekeza mahututi. Tukamuuliza kahawa imelazwa wodi gani. Mwingine akasema imedorora, lakini mimi naona kilichodorora ni bei. Na mibuni yenyewe, wakulima tunasema imezeeka, basi.

Nimelala na hilo neno, Mangi. Kuzorota ni kushuka kwa kitu ambacho bado kipo. Afya inazorota, elimu inazorota, hata urafiki. Hujasikia maiti imezorota. Kwa hiyo Babu hakuwa anachagua lugha ya adabu. Ukiandika imekufa, wazee wakatia sahihi, mapanga yanaingia shambani kesho yake, nani atibu maiti? Ukiandika imezorota, lazima mtu aulize imezoroteshwa na nini.

Na majibu yapo. Kutu ya majani inapukutisha majani, chulebuni inafanya punje changa kuwa nyeusi na kuanguka. Miche inayostahimili magonjwa yote mawili ipo hapo Lyamungu, kwa watafiti wa kahawa wa TaCRI, si mbali. Hata hii mizee, ukikata shina chini linachipua. Aloyce mwenyewe alikata mmoja nyuma ya zizi ili apate kuni, sasa una machipukizi hadi magotini. Nikamwonyesha. Akasema machipukizi hayalipi ada.

Hapo sikuwa na jibu. Sisi tulisomeshwa na kahawa, yeye ana watoto watatu sekondari na bei inamcheka. Simlaumu kwa parachichi, namlaumu kwa kuzika mapema. Hata treni tulisema imekufa, tukawa tunaanika nguo relini, na mwaka 2019 abiria wakashuka tena Moshi. Mwaka uliofuata ikafika huko kwenu Arusha. Babu aliikumbusha hiyo mara mbili, Aloyce akasema basi Babu aipande akauze kahawa yake.

Muhtasari unatakiwa kusainiwa kabla ya Krismasi. Sasa niambie, niandike lipi? Nikiandika imezorota, si watasema katibu amependelea? Au niweke maneno yote mawili, kila moja na jina la aliyelisema? Inaruhusiwa hiyo kwenye muhtasari? Aloyce anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi, unaweza kumpigia umwombe aache nusu ya kihamba, parachichi ziende upande wa mfereji? Na mwaka huu mnapanda mlima kuja nyumbani Krismasi au mtatuma tena kilo mbili za sukari na salamu? Ile pampu yangu ya kunyunyizia dawa bado unayo?

Nijibu upesi, Babu anapita hapa kila asubuhi kuulizia.

Ndugu yako,
Baba Joyce