Maumivu ya kiuno: mguu upimwe kabla ya MRI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linalowamalizia wagonjwa fedha, na wengine linawamalizia miguu. Mtu akishikwa na kiuno siku hizi, ama anakwenda duka la dawa kuchomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, pamoja na vitamini B, ama anakopa akapige MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Huku na huku, mara nyingi hakuna aliyemwambia avue viatu, alale kitandani, apimwe miguu.

Kuvua viatu kuna maana yake. Kiuno kina pingili 5, na kati yake kuna diski, yaani vifuniko laini kama mito; zinazotokeza hadi kubana mshipa wa fahamu kwa sehemu kubwa ni mbili za chini kabisa: ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5, na ile iliyo kati ya pingili ya 5 na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Mishipa inayotoka hapo inashuka hadi unyayoni, kwa hiyo ushahidi uko mguuni. Mgonjwa alale chali, mpimaji auinue mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, kuna mshipa unaovutwa. Kukaza nyuma ya paja peke yake ni msuli tu. Kisha mgonjwa atembee kwa visigino. Akishindwa, au kidole gumba cha mguu kikikosa nguvu ya kujiinua dhidi ya mkono wa mpimaji, mshipa wa 5 wa kiuno unashukiwa. Akishindwa kuchuchumia kwa mguu mmoja, na nyundo ya mpira ikigonga nyuma ya kisigino bila unyayo kuitika, anayeshukiwa ni mshipa wa kwanza wa sakramu. Goti lisiloitika linaelekeza zaidi kwenye mshipa wa 4. Upimaji huu unaweza kufanyika hata zahanati.

Bila kupima hivyo, majibu ya MRI yanapotosha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo mtu akiambiwa "pingili zimesagika" kwa picha tu, pengine ameambiwa umri wake. Lakini maneno hayo yanamfanya aache jembe, aogope kuinama na ajifunge mkanda miezi mitatu. Misuli inasinyaa, maumivu yanaongezeka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo kuwa tiba ya kawaida, wala kuvuta mgongo kwa mashine.

Sindano nazo tuzitazame vizuri. Ikichomwa nje ya robo ya juu ya tako iliyo upande wa nje, inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa uendao mguuni, na aliyekuja na maumivu akaondoka unyayo ukiburuta. Kwa wengi, kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache, kinatosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito asimeze kabla ya kuonana na daktari.

Kinachoniogopesha zaidi ni sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Anaumwa zaidi wiki hadi wiki, usiku hapati nafuu hata akilala, anatoka jasho, anakonda. Deksamethasoni inampa nafuu ya siku kadhaa huku inashusha kinga yake, na pingili zinaendelea kuliwa mpaka kibiongo kinatokeza au miguu inapooza. Eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi, kwa hiyo huyu ndiye wa kupigwa MRI haraka, apimwe VVU, na sampuli ya eneo lililoharibika ipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu. Dawa kwa kawaida hutumika miezi 9 hadi 12. Anayekunywa maziwa mabichi na ana homa za kupanda na kushuka apimwe pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mwanamume aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu mapya yasiyotulia achunguzwe tezi dume.

Na kuna dharura isiyosubiri Jumatatu: ganzi sehemu unayokalia tandiko la baiskeli, mkojo kukataa kutoka au kujitokea wenyewe, miguu yote miwili kulegea. Huyo apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye upasuaji wa uti wa mgongo. Saa 48 zikipita, uwezekano wa kibofu kurudi kufanya kazi unapungua.

Wasio na dalili hizo, ambao ndio wengi, wasilale zaidi ya siku moja au mbili. Watembee kidogo kidogo kila siku. Wakilala chali, magoti yamekunjwa, wanyanyue makalio, wahesabu hadi tano, washushe. Mara 10, asubuhi na jioni. Hata maumivu ya diski yanayoshuka mguuni kwa wengi hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu mwili wenyewe huiyeyusha sehemu iliyotokeza.

Ombi langu kwa hospitali zenye MRI ni dogo. Fomu ya kuombea picha ya kiuno iwe na mistari minne ya kujazwa: nguvu ya kidole gumba cha mguu, kuitika kwa goti na kisigino, hisia ya sehemu ya kukalia, na hali ya mkojo. Isiyojazwa irudishwe kwa aliyeiandika, isipokuwa kwa mgonjwa wa dharura.

Mfiziotherapia,
Dodoma