Kuhusu vipele vya mtoto

Mdogo wangu mpendwa,

Wafikishie baba na mama shikamoo zangu. Picha zako nimezitazama moja moja. Vipele vidogo vyekundu, vimeanzia kifuani na tumboni vikasambaa mgongoni, siku ya saba ya amoksilini (dawa ya jamii ya penisilini), na mtoto anacheza na kula vizuri: hapa wodini tunavipokea kila mara. Ile video uliyobonyeza kwa kidole, wekundu ukafifia halafu ukarudi, imenituliza. Usiofifia, tena mtoto ana homa, ni wa kukimbizwa hospitali.

Mara nyingi upele wa namna hiyo si mzio (aleji) wa dawa. Virusi vilivyomletea homa huweza kuutoa vyenyewe, dawa ikabebeshwa lawama. Umefanya vyema kusitisha dozi hadi daktari amwone, ila nakusihi, pasiandikwe "mzio wa penisilini" kwenye kadi yake kabla daktari hajasikia habari yote. Maandishi hayo humfuata mtu hadi uzeeni. Kila akiugua, anapewa dawa nyingine zinazofagia hata bakteria wa faida na kuchochea usugu wa vijidudu kwa dawa. Na zaidi ya watu 9 kati ya 10 walioandikiwa hivyo, wakipimwa vizuri, hukutwa penisilini haiwadhuru. Kwa mtoto mwenye upele mwepesi, mara nyingi kipimo chenyewe ni kumpa dawa ileile mbele ya daktari na kumwangalia. Nyumbani usijaribu kabisa.

Mabaka yaliyovimba na kuwasha, yanayojitokeza saa moja au mbili baada ya dawa, hayo ni mengine, huenda ni mzio wa kweli. Midomo ikivimba, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au kulegea, mkimbize saa hiyohiyo.

Linalonitisha zaidi ni homa pamoja na upele unaouma, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi kutoa malengelenge na kubanduka. Huweza kuanza wiki moja hadi nne tangu dawa ianze, hata dozi ikiwa imekwisha, na dawa za salfa kama kotrimoksazoli zinajulikana kwa hilo. Usingoje kupambazuke. Mtoto aliyepatwa na hali hiyo harudishiwi dawa ile tena.

Kesho nenda na chupa ya dawa, na uandike saa ya dozi ya mwisho na siku vipele vilipoanza. Mkitoka kwa daktari nipigie, hata kama huku ni usiku.

Dada yako