Barua kwa Mwanangu: Kidole Gumba na Uzi Mfupi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na shikamoo yako naipokea kwa marahaba. Mpe bibi yako shikamoo yangu, umwambie kwamba banjo niliyomkabidhi mjomba wako alipokuja huku North Carolina ni yako, na kwamba nimemsihi asiiweke chini ya mizigo mingine. Nyuzi nimezilegeza kwa ajili ya safari, kwa hiyo kile kijiti kinachozibeba juu ya ngozi huenda kikawa kimesogea. Hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Kirudishe mahali ambapo umbali wake hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) unakaribia kulingana na umbali wa kutoka freti hiyo hadi mwanzo wa shingo, upande wa kichwani, ndipo ukaze. Ngozi yenyewe ni ya plastiki, nimeichagua makusudi, kwa sababu ngozi ya mnyama hulegea kwenye hewa ya unyevu kama hiyo ya Tanga.

Uliniuliza kwa nini uzi wa tano ni mfupi na kigingi chake kimechomoza ubavuni mwa shingo, kwenye freti ya tano. Swali hilo limenifurahisha, maana mtindo ninaotaka kukufundisha umejengwa juu ya uzi huo. Kwa muda mrefu huku Marekani ilisimuliwa kwamba aliyeubuni ni Joel Sweeney, mpigaji Mzungu wa Virginia aliyepata umaarufu katika miaka ya 1830. Lakini iko picha iliyochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, inayowaonyesha watu Weusi waliokuwa watumwa wakicheza ngoma, na mmoja wao ameshika banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne, mmoja ukiwa mfupi. Tena Wajola wa Senegal na Gambia wanayo akonting, ala ya kibuyu yenye nyuzi tatu, ambayo mpigaji huigonga kwa ukucha kuelekea chini huku kidole gumba kikiitikia kwenye uzi mfupi. Mtafiti wa Gambia, Daniel Laemouahuma Jatta, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuwaonyesha wapigaji wa huku undugu huo. Sisemi kwamba banjo ni akonting iliyobadilishwa jina, bali nataka ujue kwamba mkono utakaojifunza ni wa zamani, na ulivuka bahari kwa uchungu.

Mtindo huo unaitwa klohama, kwa Kiingereza clawhammer, kwa sababu mkono ukikunjwa vizuri unafanana na ule upande wa nyundo wa kung'olea misumari. Usiufananishe na ule wa vidole vitatu vyenye kucha za chuma, uliovuma kupitia Earl Scruggs katika miaka ya 1940. Kule vidole huchota nyuzi kwenda juu, lakini kwetu ukucha hushuka. Wala hutahitaji risha kama mpiga udi.

Kaa wima, banjo ikiwa imeegemea paja, shingo yake ikiinuka kushoto. Sawazisha nyuzi kwa noti hizi: wa nne D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza, ulio karibu na sakafu, D, na ule mfupi G ya juu. Ukizipiga zote wazi, tayari ni kodi kamili ya G, yaani noti zinazolia pamoja kwa upatanifu, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi kwa sasa. Utumie tu kuzifunika nyuzi zisilie, ili usikie mapigo bila kushawishiwa na sauti.

Kunja vidole vya kulia kana kwamba umeshika yai. Shusha mkono mzima, mgongo wa ukucha wa kidole cha shahada ugonge uzi wa kwanza, na papo hapo kidole gumba kitue juu ya uzi wa tano. Hilo ni pigo la kwanza, nalo huchukua muda wake wote. Shusha tena, safari hii ukucha upanguse nyuzi za chini kwa pamoja, gumba kikitua palepale, na mkono unapoinuka gumba kiuachie uzi wa tano ulie. Kupangusa ni nusu ya pigo la pili, na gumba ni nusu yake ya mwisho. Mimi huhesabu moyoni: ndoo, chaka, ndoo, chaka.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo nilipopotea miezi sita. Nilikuwa nakifyatua kidole, nikikikunja na kukikunjua kama mtu anayerusha gololi, na gumba langu likining'inia hewani likisubiri zamu yake. Mzee mmoja jirani alinishika kifundo cha mkono, akakitikisa taratibu, nikaelewa kwamba kidole hakina mwendo wake, kinabebwa na mkono. Na gumba hutua kila mkono unaposhuka, hata pale ambapo hakitapiga. Kikizoea kutua, siku utakapokishusha kwenye uzi wa pili ili kujaza noti za wimbo, utakuta kinaijua njia.

Kugonga na kuvuta nyuzi kwa vidole vya kushoto ni mambo ya baadaye, na kusawazisha kwa namna nyingine, kama ile wanayopendelea wapigaji wa milimani kwa kupandisha uzi wa pili kutoka B hadi C, tutaongea ukiwa tayari. Ukucha wa shahada uache urefu kidogo tu. Ukivunjika, tumia wa kidole cha kati, si kosa.

Fanya mazoezi robo saa kila siku, mapigo 60 kwa dakika, usizidishe mpaka mkono uwe mlegevu. Baada ya majuma mawili nirekodie dakika mbili za nyuzi wazi, bila wimbo wowote, uweke simu karibu na mkono wa kulia. Nataka kukiona hicho kidole gumba.

Ni mimi, baba yako akupendaye.