Kwa Binti Yangu, Mtu wa Tatu wa Timu

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza tena ujumbe wako wa sauti. Unasema mmepata nafasi ya kwenda mashindano ya taifa ya vyuo ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na kabla sijamaliza kufurahi unaongeza kwamba hamwendi kushinda chochote, na kwamba wewe umechukuliwa tu kwa sababu kocha alihitaji mtu wa tatu wa mbio ndefu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Kwenye simu ungenikatiza.

Umekulia Albuquerque, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza sawasawa kilichotokea Machi 2004. Hukuwa umezaliwa. Watu wa mbali wakisikia jimbo letu la New Mexico wanafikiria jangwa, jua na pilipili, na hawajakosea sana. Mji wetu uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na theluji ikianguka alfajiri mara nyingi jioni huikuti. Ila milima ya Sandia imesimama pale nyuma ya mji, inapita mita 3,200, na kaskazini kuna Santa Fe na Taos. Chuo Kikuu cha New Mexico kilikuwa na timu yake ya skii miaka mingi, ikifundishwa na kocha George Brooks.

Sasa angalia waliokuwa mbele yao. Chuo cha Denver walibeba ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, miaka mitatu mfululizo, 2000 hadi 2002. Utah wakauchukua 2003. Vyuo hivyo skii ni mchezo wa nyumbani kwao. Mwaka uliofuata timu zikakutana kwenye milima ya Sierra Nevada, California, na walioondoka na kombe wakawa Lobos, kama zinavyoitwa timu za chuo chetu cha New Mexico, Utah wakiwa wa pili. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa taifa katika historia ya chuo chetu, kwa mchezo wowote ule. Mpira wa kikapu unaojaza ukumbi haukuwa umeuleta, wala futiboli ya Kimarekani. Waliouleta ni watu wa theluji, kutoka mji wa jangwani! Mpaka leo nikilitaja jambo hili kwa wageni wanadhani nimechanganya na chuo kingine.

Nataka uelewe ilivyowezekana, maana ndipo ulipo wewe. Ubingwa huu hauletwi na nyota mmoja. Tangu 1983 pointi za wanaume na za wanawake zinahesabiwa pamoja. Chuo kinapeleka watu wasiozidi kumi na wawili, na katika kila mbio wasiozidi watatu. Mbio ni nane: slalomu (kushuka ukipinda kati ya nguzo) na slalomu kubwa kwa wale wa kushuka mlima, na kwa ninyi wa masafa, mtindo wa klasiki (skii zikienda sambamba) na mtindo huru, wanaume zao na wanawake zao. Kila anayemaliza ndani ya nafasi zenye pointi anachangia, awe wa kwanza wa timu yake au wa tatu. Anayekosa mlango mmoja, yaani nafasi kati ya nguzo, kwenye slalomu ametoka, na pointi zake za siku hiyo zimeondoka naye. Kwa hiyo timu yenye mabingwa wawili na wengine wanaoanguka inaweza kupitwa na timu ambayo watu wake wote wanafika chini wakiwa wamesimama. Wewe unasema "mtu wa tatu" kana kwamba ni kiti cha ziada. Kwenye jedwali la pointi hakuna safu ya viti vya ziada.

Unakumbuka wasichana wa mbio za nyika wa chuo hichohicho? Walitwaa ubingwa wa taifa 2015, wakarudia 2017, na mara hiyo ya pili aliyefika wa kwanza kati ya wakimbiaji wote alikuwa Ednah Kurgat kutoka Kenya. Tulimshangilia yeye, na alistahili. Lakini pale wanahesabiwa watano, na kombe lilisubiri mpaka wa tano avuke mstari.

Baba yako hupenda kukutajia Philip Boit, yule Mkenya aliyemaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 huko Nagano 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni amkumbatie. Nami nampenda Boit. Ila sitaki ujifananishe naye safari hii. Boit alikuwa peke yake, na heshima aliyoipata ilikuwa ya moyo wake. Wewe una wenzako, na ukimpita msichana mmoja tu kwenye mpando wa mwisho, jumla ya chuo chako inabadilika.

Kuna jambo linalonichoma bado. Najua nawe linakuchoma. Uongozi wa chuo ulipiga kura 2018 kuifuta timu ile, kwa sababu ya upungufu wa fedha na hesabu za usawa wa kijinsia katika michezo, na kufikia katikati ya 2019 haikuwepo tena. Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kuteleza, na ulishaamua utavaa nyekundu ya Lobos. Naona walikosea. Timu iliyowapa kombe la kwanza walipaswa kuipigania zaidi. Ndiyo maana uko huko kaskazini, mbali na mama yako, ukivaa rangi za watu wengine, nami nimejifunza kuzipenda rangi hizo.

Sasa mambo ya kazi. Siku ya klasiki muulize mapema mtu wa nta, yule anayepaka skii zenu, jua litapanda saa ngapi kwenye njia. Usikubali nta ya alfajiri kwa mbio za saa tano. Kwenye mbio za kuanza pamoja, kaa pembeni mita mia za mwanzo, magongo huvunjwa pale. Kula ugali wako usiku, nimekutumia unga.

Nitumie tarehe na saa za mbio zako zote mbili. Baba ameshaomba likizo, nami nimepata zamu ya kubadilishana kazini. Tutasimama kwenye mpando, upande wa kulia, na nitaita jina lako la nyumbani, lile ambalo wenzako hawalijui.

Akupendaye,
Mama