Mwanangu, kona haiko ukutani

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu na kuniambia umerudishwa mstari wa nyuma kwa sababu ya ekarte, lile pozi la baleti la mwili kukaa mshazari na mguu kutoka ubavuni, nilitamani nipande matatu usiku ule ule nije. Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa najua wapo mabinti wengine Nairobi wanaojifunza baleti na kulilia jambo hilo hilo.

Miguu yako haina kasoro. Unachokosea ni kona.

Ukumbi wenu ni mrefu na mwembamba. Mwalimu akisema "kona ya mbele kushoto", wewe unaielekea kona ya ukuta, na ukiwa nyuma kabisa kona ile iko karibu moja kwa moja mbele yako. Ndiyo maana ekarte yako inaonekana kama mguu uliofunguliwa ubavuni tu. Kona inayotakiwa ni ya mraba wako mwenyewe, mraba wa kuwaza, wewe ukiwa katikati, unaotembea nao popote uendapo. Kutoka mbele hadi kona hiyo ni nyuzi 45, uwe katikati ya jukwaa au ukingoni.

Agrippina Vaganova, mwalimu Mrusi aliyechapisha kitabu chake cha misingi ya baleti mwaka 1934, aliuwekea mraba huo namba. Upande wa watazamaji ni 1, kisha unazunguka kwa kulia: kona 2, ukuta 3, hivyo hivyo mpaka 8, kona ya mbele kushoto. Shule ya Mwitalia Enrico Cecchetti huhesabu kona kwanza, 1 hadi 4, ndipo kuta, 5 hadi 8. Kabla ya kufuata video yoyote, jua ni ya shule gani.

Tushike za Vaganova. Mguu wa kulia mbele, mwili uelekee 8: watazamaji wanaona miguu imepishana. Hiyo ni kruaze. Mguu ule ule mbele, mwili uelekee 2, na miguu inafunguka machoni pao. Hiyo ni efase.

Sasa ekarte. Rudi 8, lakini mguu wa kulia utoke ubavuni kuelekea 2, mkono wa kulia juu, uso ugeukie upande huo, macho yapande mpaka kiganjani. Hapo nyonga itataka kupanda pamoja na mguu. Izuie, mwanangu, hata kama mguu utabaki chini ya kiuno. Ekarte ya chini yenye nyonga tulivu ni nzuri kuliko ya juu iliyopinda, na hilo nitalisema mbele ya mwalimu yeyote. Hiyo ni ekarte ya mbele. Ile ya nyuma, mwili uko 2, mguu unakwenda 4, na uso unageukia upande wa pili, mbali na mguu. Mimi ndiyo niipendayo kuliko zote.

Jumamosi nakuja na tepu. Mwambie mama asogeze makochi. Nitakuchorea mraba sebuleni, halafu tutauhamishia kwenye korido, pale pembamba kabisa, uizoee kona yako ukiwa huoni ukuta wa kuielekea.

Shangazi yako