Barua kwa mwanangu anayetaka kuzama

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Ama baada ya salamu, barua yako ya kwamba unataka kusomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaogopa, mara ya tatu nikashika kalamu. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, siwezi kunyamaza nikikuona unaianza.

Unasema unaipenda fasihi. Najua. Ulipokuwa mdogo nilikuwa siwezi kuruka hata aya moja nikikusomea, ulikuwa ukinirudisha nyuma. Lakini mapenzi ya kusoma yatakufikisha mwaka wa kwanza tu, wakati kila kitabu kinapendeza na hakuna anayekudai kitu. Utafika mwaka wa tatu. Utakuwa peke yako na sura ambayo msimamizi ameirudisha kwa mara ya nne. Siku hiyo kitakachokuinua kitandani ni swali linalokukera, ambalo hujaridhika na jibu la mtu yeyote juu yake.

Sasa lako ni lipi? Umeandika “Shakespeare na madaraka”. Mwanangu, hiyo ni rafu nzima ya maktaba, swali bado. Nikuonyeshe ninachokimaanisha. King Lear, tamthilia ya Shakespeare juu ya mfalme mzee anayegawa ufalme wake, ilichapwa mwaka 1608 katika kitabu chembamba, kisha ikachapwa mwaka 1623 katika lile juzuu kubwa la tamthilia 36, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki. Matini hizo mbili hazilingani. Ile ya 1608 ina mistari kama 300 isiyomo katika ya 1623, na ya 1623 nayo ina mistari kama 100 isiyomo katika ya kwanza. Hata maneno ya kufungia tamthilia yanabadilisha kinywa: katika ile ya 1608 anayasema Albany, mkwe wa mfalme, katika ya 1623 anayasema Edgar, kijana wa mkuu mmoja wa ufalme huo. Kwa muda mrefu wahariri walizichanganya mbili hizo wakatoa tamthilia moja, hadi toleo la Oxford la mwaka 1986 lilipozichapa zote, kila moja peke yake.

Mtu anayetaka kuandika juu ya madaraka na akasimama hapo, ana pa kuanzia. Ufalme umevunjika, mfalme amekufa: nani ana haki ya neno la mwisho, na kwa nini matini moja inampa huyu na nyingine inampa yule? Sikuambii ulichukue hilo, limeshachimbwa sana. Nataka uone lilivyo. Linaanza na kitu kidogo unachoweza kukiwekea kidole kwenye ukurasa, na ukikivuta, mengi yanafuata nyuma yake.

Mimi nilianza bila swali. Msimamizi wangu alikuwa nalo, nami kwa heshima na woga nikalibeba. Nikaandika miaka miwili, kurasa zaidi ya mia, juu ya jambo lililomnyima usingizi yeye. Siku moja katika semina mwanafunzi mwenzangu aliniuliza kwa upole kabisa, “Wewe mwenyewe unaonaje?” Nilikosa la kusema. Nilirudi chumbani nikalia, na wiki iliyofuata nikaanza upya. Katika kazi ile ya miaka miwili hakuna hata sura moja iliyoingia katika tasnifu yangu. Hili sijawahi kukusimulia, na ndilo lililonitia hofu niliposoma barua yako mara ya pili.

Unaniuliza chuo gani kina jina. Mimi nakuuliza msimamizi gani. Soma makala zake, halafu waandikie wanafunzi wake wa sasa. Waulize anachukua muda gani kurudisha sura, na wangapi wamemaliza mikononi mwake. Waulize pia kama anapokosoa hukosoa hoja au humkosoa mtu. Wakijibu kwa kusitasita, umejibiwa.

Kuhusu nchi, tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. Uingereza unaingia na pendekezo la utafiti mkononi, unaanza kuandika karibu mara moja, na kwa kawaida baada ya miaka mitatu au minne unawasilisha tasnifu ya maneno yasiyozidi 80,000 au 100,000, kutegemea chuo. Kisha unaitetea mbele ya watahini wawili hivi, mmoja wao wa kutoka chuo kingine. Marekani unakaa darasani miaka miwili au zaidi, unafanya mitihani mizito ya orodha za vitabu, mara nyingi unatakiwa uthibitishe kwamba unasoma lugha nyingine, ndipo pendekezo lako lipitishwe. Miaka sita au saba si ajabu huko, na sehemu ya miaka hiyo utakuwa ukifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika insha. Wewe ambaye swali lako halijakomaa, naona njia ndefu inakufaa zaidi. Itakupa muda wa kulitafuta huku unasoma.

La pesa nitalisema mara moja. Chuo kikikukubali bila ufadhili, wakatalie, hata jina lao liwe kubwa namna gani. Ada isamehewe na posho iwepo kwa maandishi, kwa miaka yote.

Na kazi je? Nafasi za kudumu za kufundisha fasihi ya Kiingereza vyuoni zimepungua sana tangu mdororo wa uchumi wa mwaka 2008. Wengi waliomaliza vizuri kabisa wanafundisha kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, wanahama na maboksi ya vitabu. Wengine wameingia uhariri, maktaba, shule, na wanaishi vizuri. Nisingependa ukubali miaka saba kwa ajili ya kiti ambacho huenda kisipatikane. Ikubali ikiwa miaka yenyewe, ya kusoma na kuandika na kubishana na watu wanaojali, unaona inatosha hata kiti kisipokuja. Kwangu ilitosha. Sijui kama kwako itatosha, wala siwezi kukuamulia.

Neno uzamivu linatokana na kuzama. Mzamivu hutangulia kuvuta pumzi.

Kwa hiyo niandikie ukurasa mmoja. Usimtaje mwananadharia yeyote. Niambie kifungu kipi, katika kitabu kipi, kinachokukera mpaka sasa, na kwa nini majibu uliyoyasoma hayakutoshi. Ukinitumia kabla ya Jumapili, jioni hiyo nitakuwa nimekaa na penseli.

Akupendaye,
Mama yako