Shahada ya uhandisi wa nguo: ada nafuu pekee haitoshi

Mhariri,

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wazazi wengi jijini huuliza jambo moja kuhusu uhandisi wa nguo: ada shilingi ngapi? Wana haki ya kuuliza. Lakini kuna pango la chumba, nauli na chakula, na kwa aliyekeri masomo, yaani aliyefeli akayabeba kuyarudia, huenda kukawa na mwaka wa ziada. Miaka minne ikigeuka mitano, unafuu wa ada umeshaliwa.

Kwa Mtanzania, pa kuanzia ni hapahapa Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada mbili zinazochanganya watu: Uhandisi wa Nguo, na Ubunifu na Teknolojia ya Nguo. Ya kwanza ni ya mitambo na uzalishaji. Ya pili huelemea zaidi kwenye ubunifu wa vitambaa. Soma mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, uone masomo yanayotakiwa kwa kila moja, kisha waulize Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama shahada unayoitaka itakuwezesha kusajiliwa kuwa mhandisi mhitimu. Uliza kabla ya kujaza fomu, si ukiwa mwaka wa nne. Anayefikiria Moi kule Eldoret au Busitema ya Uganda aulize kwanza kama atatozwa ada ya mwanafunzi wa kigeni, na ajue kwamba cheti chake kitapaswa kutambuliwa na TCU.

Thamani ya shahada hii iko maabara. Omba uoneshwe chumba cha kupimia nyuzi, uangalie kama kina kiyoyozi kinachoshikilia joto la sentigredi 20 na unyevu wa asilimia 65. Si anasa hiyo. Pamba hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani tunaijua. Kupata namba ya uzi wa pamba, ambayo ikipungua uzi ni mnene zaidi, unapima yadi 120 kwenye mizani, halafu unagawanya 64.8 kwa gramu ulizopata. Uzi wa namba 20 huwa na gramu 3.24. Upime uzi huohuo madirisha yakiwa wazi katikati ya masika, mizani inaweza kusoma 3.35, na namba ikatoka 19.3. Mwanafunzi ataandika kuwa uzi ni mnene, kumbe amepima maji. Kiwandani, kosa hilo humfanya fundi abadilishe gia za mashine ya kusokota isiyo na tatizo lolote, na uzi wa zamu nzima unaharibika.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kiwandani, nayo isichukuliwe kama kutafuta muhuri. Wengi huangukia stoo, wakahesabu majora mpaka wiki zinakwisha. Mwanafunzi aombe kwa barua, kabla hajaripoti, azungushwe: kuchambua pamba, kusokota, kupaka wanga mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kufuma, kutia rangi. Hapo kwenye wanga akae zaidi. Ukipungua, mtande unakatika ovyo na mashine inasimama kila mara. Ukizidi, nyuzi zinakakamaa na kukatika vilevile.

Tunaviomba vyuo, kila vinapotangaza ada, vitangaze pia ni mashine zipi za nguo zinafanya kazi na mwanafunzi mmoja anazitumia saa ngapi kwa muhula. Mzazi anayeuza shamba kumsomesha mwanawe anastahili kuyajua hayo kabla hajalipa.

Wahandisi wa nguo,
Ubungo, Dar es Salaam